Fedha za utafiti wa kijeshi: njia nne, na ipi inaifaa nchi yenye fungu dogo

Kila msimu wa bajeti, mjadala wa Wizara ya Ulinzi ukifika kwenye utafiti na uhaulishaji wa teknolojia, watu huulizana kiasi. Fungu ni dogo, liongezwe. Mimi naamini tunaanzia mahali pasipofaa. Kabla ya kuuliza ni shilingi ngapi, kuna maswali mawili ambayo majibu yake ndiyo huamua kama shilingi hizo zitazaa kitu. Nani ana mamlaka ya kuusimamisha mradi unaoshindwa? Na nani ameahidi, kwa maandishi, kununua kitakachotoka kwenye mradi unaofaulu?

Nasema haya kwa sababu nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya kuchambua maandiko ya utafiti wa kihandisi katika chuo kimoja. Nimeona andiko zuri likipata ruzuku, ripoti nzuri ikatoka, kisha mashine yenyewe ikafunikwa turubai nyuma ya karakana kwa sababu hakuna aliyewahi kuulizwa kama angeihitaji. Fedha haikuibwa na kazi ilifanywa kwa bidii. Mnunuzi ndiye hakuwepo tangu siku ya kwanza. Inauma zaidi kuliko wizi, kwa kuwa hakuna hata wa kumshtaki.

Utafiti wa kijeshi una ugumu huo mara kumi, maana mnunuzi ni mmoja tu: jeshi la nchi yako. Hapa nalinganisha njia nne zilizojaribiwa kwa muda mrefu: ya Marekani, ya India, ya Uingereza na ya Uturuki. Nimezichagua kwa sababu kila moja imejibu yale maswali mawili kwa namna yake, na makosa yao yameandikwa hadharani.

Marekani: ofisi isiyo na maabara

Tarehe 4 Oktoba 1957 Urusi ya Kisovyeti ilirusha Sputnik. Miezi minne baadaye, Februari 1958, serikali ya Rais Eisenhower ilianzisha ARPA, wakala ambao tangu 1972 tunaujua zaidi kwa jina la DARPA. Kazi yake ni kuhakikisha nchi hiyo haishtukizwi tena kiteknolojia.

Ukiitazama kwa karibu, kinachoshangaza ni udogo wake. Ina watumishi wapatao 220, na kati yao karibu 100 ni mameneja wa programu. Bajeti yake ni takriban dola bilioni 4 kwa mwaka, sehemu ndogo ya fungu la utafiti na maendeleo la wizara yao ya ulinzi, ambalo linazidi dola bilioni 100. Maabara yake yenyewe haina hata moja. Fedha zinakwenda kwa mikataba kwenye vyuo vikuu, kampuni na maabara za taasisi nyingine.

Meneja wa programu huajiriwa kwa miaka 3 hadi 5, kisha anaondoka. Hana cheo cha kusubiri wala jengo la kulinda, na mradi wake ukifa yeye hafi nao. Kwa hiyo kuusimamisha si aibu. George Heilmeier, aliyeiongoza DARPA kuanzia 1975 hadi 1977, aliacha maswali ambayo mpaka leo kila mwenye wazo lazima ayajibu. Unataka kufanya nini, useme kwa lugha ya kawaida bila misamiati ya kitaalamu. Kwa sasa kazi hiyo inafanywaje, na inakwamia wapi? Kipya chako ni kipi? Ukifaulu, nani atajali? Kuna hatari gani, itagharimu kiasi gani na muda gani, na ni vipimo gani vya katikati na vya mwisho vitakavyoonyesha kama umefaulu?

Lile swali la vipimo vya katikati ndilo la thamani kuliko yote. Mradi wenye tarehe ya mtihani unaweza kufeli mtihani. Usio na tarehe huwa "unaendelea vizuri" kila mwaka.

Matunda yanajulikana. Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta ya chuo cha UCLA ilituma ujumbe wa kwanza kwenda taasisi ya utafiti ya SRI kupitia ARPANET, mtandao ambamo intaneti ilizaliwa. Mwaka 2013 wakala huo uliipa Moderna, wakati huo kampuni changa, ruzuku ya hadi dola milioni 25 kwa utafiti wa mRNA, teknolojia iliyokuja kutengeneza chanjo za UVIKO-19, miaka saba kabla ya dunia kuzihitaji chanjo hizo.

Lakini mfano unaonifundisha zaidi ni wa ndege isiyoonekana kwenye rada. Katikati ya miaka ya 1970 wazo hilo lilipofika mezani, Heilmeier alitaka Jeshi la Anga lenyewe lichangie na liunge mkono. Ndege ya majaribio, Have Blue, iliruka Desemba 1977. Kwa kuwa mnunuzi alikuwa ndani tangu mwanzo, F-117 iliruka kwa mara ya kwanza Juni 1981. Miaka mitatu na nusu tu! Pale ambapo mnunuzi hakuwemo, utafiti wa DARPA umefia katikati, kwenye kile wahandisi wao wanachokiita bonde la mauti: mfano wa majaribio umekamilika, bajeti ya utafiti imeisha, na jeshi halijatenga senti ya kununua.

Wameshindwa pia mara nyingi, na hadharani. Chombo chao cha kasi kubwa, HTV-2, kilirushwa Aprili 2010 na tena Agosti 2011, na mara zote mbili mawasiliano yalikatika baada ya dakika kama tisa. Mwaka 2003 Bunge lao lilikata fedha za mradi wa kuchambua taarifa za watu kwa wingi, kwa kuwa wananchi waliona unaingilia faragha zao. Hilo nalihesabu kuwa ni afya ya mfumo.

Tahadhari moja kabla hujavutiwa mno. Ofisi hii ni mpanda mbegu, na shamba tayari lipo: Stanford, MIT, Lockheed, maelfu ya kampuni ndogo zenye wahandisi na mashine. Ukileta mpanda mbegu mahali pasipo na shamba, atabaki ameshika gunia.

India: maabara za serikali yenyewe

India ilianzisha DRDO, shirika lake la utafiti wa ulinzi, mwaka huohuo wa 1958, ikaenda upande mwingine kabisa. Badala ya ofisi ndogo inayogawa fedha, ilijenga maabara za serikali, zikakua mpaka zikafika kama 50: za makombora Hyderabad, za ndege na injini Bangalore, na nyingine nyingi.

Wanaoibeza DRDO husahau ilikotoka. Kuna vitu ambavyo hakuna nchi itakayokuuzia hata uwe na fedha mkononi. Kombora la masafa marefu ni mojawapo, hasa baada ya mataifa makubwa kukubaliana mwaka 1987 kuzuia uenezaji wa teknolojia hiyo. Programu ya makombora iliyoanza 1983 chini ya A.P.J. Abdul Kalam, ambaye baadaye alikuwa Rais wa India, ilirusha Prithvi mwaka 1988 na Agni mwaka 1989. Kwa jambo la namna hiyo hakuna njia nyingine zaidi ya kuwa na maabara yako, wanasayansi wako na subira.

Sasa tazama injini ya Kaveri. Mwaka 1989 maabara ya injini ya Bangalore ilipewa kazi ya kutengeneza injini ya ndege ya kivita ya Tejas, kwa rupia bilioni 3.8 hivi, ikamilike 1996. Kufikia ripoti ya CAG wao, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali (nao wana CAG kama sisi), gharama ilikuwa imepanda hadi rupia bilioni 28 na zaidi, na injini haikuwa tayari. Mwaka 2008 ikatenganishwa rasmi na Tejas, ambayo inaruka kwa injini ya General Electric mpaka leo.

Kushindwa kwenyewe siwalaumu. Injini ya jeti ni miongoni mwa mashine ngumu kuliko zote ambazo binadamu amewahi kuunda; mapanga ya turbini huzunguka ndani ya gesi yenye joto linaloweza kuyeyusha chuma kilichoyatengeneza. India haikuwa hata na karakana ya kuijaribia injini katika hali ya anga ya juu, ikabidi waipeleke Urusi. Ninacholaumu ni kwamba kwa karibu miaka ishirini hapakuwa na mtu mwenye nafasi na uthubutu wa kusema: hapa tumekwama, tugawe kazi, tutafute mbia, au tuache.

Sababu ilikuwa kwenye muundo. Kwa miaka mingi mkuu wa DRDO alikuwa pia katibu wa idara ya utafiti wa ulinzi na mshauri wa kisayansi wa waziri wa ulinzi. Mtu huyohuyo aliendesha mradi, aliombea fedha, na ndiye ambaye waziri alimuuliza kama mradi uendelee. Hata malaika angepata shida kwenye kiti hicho.

Linganisha na BrahMos, kombora la mwendokasi lililotoka ndani ya DRDO hiyohiyo. Mwaka 1998 India na Urusi ziliunda kampuni ya ubia, India ikishika asilimia 50.5. Jaribio la kwanza lilifanyika Juni 2001, majeshi ya India yakanunua, na mwaka 2022 Ufilipino ikasaini kununua kwa takriban dola milioni 375. Wanasayansi ni walewale na nchi ni ileile. Tofauti ni kwamba palikuwa na mbia aliyeweka fedha zake, kwa hiyo palikuwa na mtu wa pili wa kuuliza maswali, na kampuni yenyewe ilikuwa na mnunuzi akilini tangu inaandikishwa.

India yenyewe imelitambua tatizo. Mwaka 2018 ilizindua iDEX, mpango wa kuzipa kampuni changa matatizo halisi ya majeshi wayatatue kwa ruzuku, na mwaka 2022 ikatangaza kwamba asilimia 25 ya bajeti ya utafiti wa ulinzi itafunguliwa kwa viwanda binafsi, kampuni changa na vyuo.

Uingereza: kuuza sehemu, kubakiza sehemu

Hii nitaipitia haraka, kwa kuwa somo lake ni moja, ingawa ni zito.

Waingereza walikuwa na maabara za kijeshi za kuheshimika. Nyuzi za kaboni zilizo ndani ya ndege na baiskeli za leo zilistawishwa Farnborough katika miaka ya 1960. Mwaka 1995 maabara hizo zote ziliunganishwa kuwa wakala mmoja, DERA. Julai 2001 wakaugawa: kama robo tatu ikawa kampuni, QinetiQ, na robo iliyobaki ikawa Dstl, ndani ya serikali.

QinetiQ iliuzwa hisa kwa kampuni ya uwekezaji ya Carlyle mwaka 2003, kisha ikaingia soko la hisa la London Februari 2006. Mwaka uliofuata ofisi ya ukaguzi ya taifa lao ilitoa ripoti: mameneja kumi wa juu waliokuwa wamewekeza pauni 540,000 walipata hisa za thamani ya pauni milioni 107. Serikali nayo ilipata fedha, tena nyingi, lakini mkaguzi aliona ingeweza kupata zaidi kama ingeuza kwa utaratibu mwingine. Maarifa yaliyojengwa kwa kodi ya vizazi viwili yaliwekwa bei na watu waliokuwa ndani.

Upande wa pili ndio ninaotaka tuushike. Waliobaki serikalini, Dstl, waliachiwa yale ambayo soko haliwezi kuyatunza: kemikali za sumu, silaha za kibiolojia, ushauri usio na maslahi. Machi 2018 jasusi wa zamani wa Urusi na binti yake walipookotwa wamezirai Salisbury, wataalamu wa maabara ya Dstl ya Porton Down, umbali wa kilomita chache, ndio waliotambua kwamba ni sumu ya Novichok. Hakuna kampuni ambayo ingewalipa mishahara wataalamu wa namna hiyo kwa miongo, wakisubiri siku moja. Na unaponunua silaha kutoka nje, unahitaji mtu wa kwako, asiyelipwa na muuzaji, akwambie kama inafanya kazi.

Uturuki: mfuko uliotungiwa sheria

Uturuki ilisukumwa na vikwazo. Baada ya vita vya Kupro vya 1974, Marekani iliiwekea marufuku ya silaha mwaka 1975. Mwaka huohuo wakfu wa Jeshi la Nchi Kavu, uliojazwa na michango ya wananchi, ulianzisha Aselsan, kampuni iliyoanza na redio za mawasiliano za jeshi. Leo ni miongoni mwa kampuni kubwa za elektroniki za kijeshi duniani. Walianza na redio, kitu ambacho jeshi lilikihitaji kwa maelfu na mafundi wao wangeweza kukitengeneza. Hawakuanza na ndege.

Mwaka 1985 wakapitisha Sheria namba 3238. Iliunda ofisi ya viwanda vya ulinzi na mfuko wake, nje ya bajeti ya kawaida, unaolishwa na sehemu ya kodi ya mapato na tozo nyingine kama za bahati nasibu. Juu yake ikawekwa kamati ya uamuzi: Waziri Mkuu, Mkuu wa Majeshi na Waziri wa Ulinzi. Mwenye fedha, mtumiaji na mnunuzi wote waliketi meza moja. Sijaona mahali pengine ambapo maswali yangu mawili yamejibiwa kwa ufupi hivyo.

Na meza hiyo ilikuwa na makali. Mei 2004 ilifuta kwa mkupuo zabuni kubwa tatu za kununua kutoka nje, za vifaru, helikopta za mashambulizi na ndege zisizo na rubani, ikaamua kwenda na miradi ya nyumbani. Meli ya kivita Heybeliada ikaingia kazini 2011. Ndege zisizo na rubani za Bayraktar TB2, za kampuni binafsi ya Baykar, zimenunuliwa na nchi nyingi, zikiwemo za Afrika. Kenya nayo mwaka 2021 iliagiza Uturuki magari 118 ya kivita aina ya Hızır, kwa takriban dola milioni 91.

Hata hivyo mfuko haununui kila kitu. Kifaru cha Altay kilikaa miaka mingi kwa kukosa injini, kwa sababu kilibuniwa kwa injini ya Kijerumani na Ujerumani ikazuia. Ikabidi waende Korea Kusini. Na mfuko ulio nje ya bajeti ya kawaida unamulikwa kidogo na Bunge. Nguvu ikikusanyika kwa mtu mmoja juu, hakuna tena wa kumwambia kwamba mradi wake anaoupenda hauendi. Hatari hiyo kwetu ni kubwa kuliko kwao, tusijidanganye.

Bega kwa bega

Kwa swali la nani anausimamisha mradi, Marekani inaongoza: meneja mwenye mkataba mfupi na mtihani wa katikati. Uturuki inafuata, ingawa yote yanategemea waliokaa mezani. India ilikuwa na udhaifu mkubwa hapo. Uingereza iliacha soko liamue, na soko huua hata yale ambayo taifa lingeyahitaji.

Kwa swali la mnunuzi, Uturuki ndiyo bora kuliko zote. Marekani ina bonde la mauti lake, na inalivuka tu pale jeshi linapochangia mapema. India imekuwa na mvutano wa miaka mingi kati ya maabara na majeshi, maabara zikisema majeshi yanapenda vya nje, majeshi yakisema maabara huchelewa. Mara nyingi wote wawili wamekuwa sahihi.

Kuna jambo la tatu ambalo watu hulidharau, nalo ni kalenda. Utafiti haujui tarehe 30 Juni. Kwetu fedha isiyotumika mwaka wa fedha unapoisha hurudi Hazina, kwa hiyo mtafiti aliyepokea fungu Machi anakimbizana kununua chochote kabla ya Juni, na Julai anaanza tena kusubiri. Bunge la Marekani huruhusu fedha za utafiti wa ulinzi zitumike kwa miaka miwili. Mfuko wa Uturuki hubeba salio kwenda mbele. Kama ningeambiwa nibadilishe sheria moja tu, ningebadilisha hiyo, kabla hata ya kuomba shilingi moja ya nyongeza. Ya pili ingekuwa ya manunuzi: tangu 1989 DARPA inaweza kusaini makubaliano ya utafiti nje ya kanuni za kawaida za zabuni, maana huwezi kutangaza zabuni ya bei ya chini kwa kitu ambacho bado hakijavumbuliwa.

Kuhusu watu, Dstl na DRDO zinawashikilia wataalamu kwa miaka mingi, DARPA inawazungusha. Mzunguko unafaa pale ambapo meneja akiondoka anapata kazi nzuri kesho yake. Mahali ambapo wahandisi wa metali ni wachache wa kuhesabika, ukimwambia mmoja wao mkataba wako ni miaka minne umemfukuzia Ughaibuni.

Basi nchi yenye fungu dogo ichague nini?

Hatuanzi na ukurasa mtupu. Tanzania ina Shirika la Nyumbu, Kibaha, lililoanzishwa 1985 chini ya wizara ya ulinzi, ambalo liliunda lori la jina hilohilo. Na Shirika la Mzinga la Morogoro, la silaha na risasi. Kenya ina kiwanda cha risasi Eldoret na kile cha silaha ndogo Ruiru kilichofunguliwa 2021. Uganda ina Luwero Industries. Kenya hata imeandika kwenye sheria yake ya sayansi ya 2013 kwamba asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye mfuko wa utafiti, kiwango ambacho fedha zinazotolewa hazijawahi kukikaribia. Hapo utaona kwamba kuandika kiasi peke yake hakutoshi.

Lori la Nyumbu nalitazama kwa heshima. Vijana wa nchi maskini, katika miaka migumu ya uchumi, walichora, wakasubu, wakaunganisha gari la mizigo. Walithibitisha kwamba wanaweza. Kilichokosekana hakikuwa akili. Lori halikufika kwenye uzalishaji wa wingi, na kiwanda cha magari bila oda ya wingi hakiwezi kushusha bei, na bila kushusha bei hakipati oda. Fundo hilo halifunguliwi na ruzuku ya utafiti. Linafunguliwa na mnunuzi.

Kwa hiyo mimi nisingeiga DARPA nzima, kwa sababu shamba letu bado changa. Ningechukua vitu viwili vyake. Cha kwanza ni maswali ya Heilmeier, ambayo hayagharimu chochote na yanaweza kutumika kesho asubuhi kwenye kamati yoyote, kwa Kiswahili. Cha pili ni mashindano ya zawadi. Machi 2004 DARPA iliweka dola milioni 1 kwa gari litakalovuka jangwa la Mojave bila dereva. Lililofika mbali zaidi lilikwama kama kilomita 12 tu tangu mwanzo, na hakuna aliyelipwa. Mwaka uliofuata, kwa zawadi ya dola milioni 2, magari matano yalimaliza njia ya kilomita 212, la Stanford likashinda. Zawadi unailipa kazi ikishaonekana. Kwa nchi yenye fedha kidogo na vijana wengi wenye ufundi, kutoka Arusha Technical College mpaka karakana za Gerezani na Kamukunji, sioni njia ya bei nafuu kuliko hiyo ya kujua nani anaweza nini.

Nisingeiga pia India kwa maabara hamsini. Ningebakiza maabara moja ya umma, ndogo, yenye mishahara ya uhakika, kwa mfano wa Dstl: ipime kila kinachonunuliwa kutoka nje, itunze maarifa ya milipuko, metali na mawasiliano, na isiruhusiwe kuwa mzabuni. Kuunda kombora au injini ya jeti tuwaachie wenye uwezo nazo. Kujua kama redio tulizouziwa zinasikilizwa na aliyetuuzia, hilo hatuwezi kumwachia mtu.

Cha Uturuki ningechukua meza. Mkuu wa Majeshi, Waziri wa Ulinzi na Hazina waketi pamoja mara nne kwa mwaka, miradi isizidi mitano kwa wakati mmoja, kila mmoja na tarehe ya mtihani, na mfuko unaobeba salio. Lakini mfuko huo CAG aukague kila mwaka na kamati ya Bunge ya ulinzi iisome ripoti, faragha kama siri za nchi zinadai hivyo. Usiri wa kijeshi ni halali kwenye michoro na masafa. Kwenye gharama na ucheleweshaji hauna kazi yoyote zaidi ya kuficha.

Mradi wa kwanza ningeufanya wa kawaida kabisa, kama redio zile za Aselsan. Mahema yanayohimili mvua za masika. Trela za maji. Mitambo midogo ya umeme wa jua kwa vikosi vya mpakani. Vitu ambavyo jeshi linavinunua kila mwaka, ambavyo mhandisi wa Kibaha au Eldoret anaweza kuvitengeneza, na ambavyo hata Zimamoto, hospitali za wilaya na wafugaji wangevinunua baadaye. Kabla utafiti haujaanza, jeshi lisaini: vikifaulu mtihani huu, tarehe hii, tutanunua 200 kwa bei isiyozidi hii. Mtafiti akishaishika karatasi hiyo anaweza kwenda nayo benki.

Na kama wewe uko upande wa pili, kijana mwenye andiko mkononi unayetafuta mfadhili, usianze kwa kuandika bajeti. Nenda kwanza kambini au kituoni, kwa utaratibu unaoruhusiwa, ukamtafute fundi sajenti anayekifanyia kazi kifaa unachotaka kukiboresha. Muulize kinamharibikia wapi, na ni nani ofisini kwao anayesaini oda. Jina la cheo hicho ndilo liwe kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko lako.